Karatasi ya Jicho la Kulia

Jumatatu, 6 Februari

Babu amempiga fundi wa vigae. Meno mawili. Moja nimeliona mwenyewe kwenye mfereji wa kupitishia maji ya damu, jeupe kuliko vigae vyenyewe.

Nieleze vizuri. Nikilala nitaanza kupunguza mambo, ndiyo kawaida yangu. Ukuta wa nyuma wa bucha letu ulibandikwa vigae vyeupe mwezi uliopita. Leo asubuhi Babu kasimama na chuma chake cha kunolea visu mkononi, anautazama ukuta. Anautazama tu. Kisha akaagiza fundi aitwe. Fundi akaja anacheka, kadhani kuna kazi nyingine. Babu akamwambia ukuta huu umeujenga umelewa, mistari imeingia tumbo, hapa katikati imepinda kama mgongo wa paka. Fundi akatoa pima maji yake, akaiweka. Kipovu katikati kabisa! Akaiweka juu, akaiweka chini. Akasema kwa upole, mzee wangu, ukuta umenyooka, labda macho ndiyo yamepinda.

Hapo ndipo. Chuma kilimpata mdomoni. Akaanguka, akapigwa mbavu, akapigwa teke, na teke jingine. Wateja walikimbia, mmoja kaacha nyama yake juu ya mzani. Mama akasema, "Baba, ukuta umenyooka" – akala kofi la mdomo kwa mkono uliokuwa umeloa damu ya ng'ombe, hata sikujua damu ipi ni ya nani.

Mimi? Nyuma ya friza. Siku zote niko nyuma ya friza. Babu ananiita Bubu, na leo nimelistahili jina.

Jioni nilichukua uzi nikapima mistari peke yangu. Imenyooka.

Alhamisi, 9 Februari

Fundi amerudi. Si na polisi – na mke wake. Mdomo umevimba, maneno yanatoka na mluzi kwa sababu ya pengo. Amesema haendi kituoni kwa sharti moja tu: mzee apimwe macho, na yeye aletewe cheti akione. La sivyo, ushahidi anao. Akaufungua: meno mawili ndani ya kipande cha gazeti. Mke wake akaongeza kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mama akajibu haraka, tumesikia dada, atapimwa – Babu alikuwa bado nyuma ananawa.

Babu amenuna. Miaka sabini na moja na anabeba paja la ng'ombe begani kama mtu anavyobeba taulo. Tangu Mama alipoachika tukarudi kwake, mimi nikiwa na miaka minne, sijawahi kumsikia akisema anaumwa. Amekubali kwenda lakini Bubu aje naye. Daktari wa macho ni mgeni, haongei lugha yetu, anaongea ile ya shule. Shule nayo ifae kitu siku moja, kasema.

Mimi kuongea! Mbele ya daktari!

Jumatano, 15 Februari

Leo itakuwa ndefu.

Korido, mabenchi ya chuma, wazee wamejipanga. Mlango wa chumba cha kupimia haufungi vizuri. Wazee wengine wanasinzia, Babu kajisogeza mpaka jirani na mlango, midomo inacheza. Nilidhani anasali.

Mpimaji ni mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa watoto wadogo. Kamkalisha mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi, kampa kijiko cheusi cha kuzibia jicho. Akaziba la kushoto. Kwa la kulia akashuka mistari mitano, akikunja uso. Akabadilisha. Kwa la kushoto akashuka mistari ileile mitano, mdundo uleule, haraka zaidi! Mpimaji akamwambia, "Mzee wangu, hata herufi niliyoiziba kwa kidole umeisoma."

Kumbe alizikariri herufi kwa wagonjwa waliomtangulia. Mpimaji akacheka, akasema watu huiba simu, wewe umeiba ubao. Akaugeuza. Upande wa pili hakuna cha kukariri, ni alama za miguu mitatu, unaonyesha kwa mkono miguu inaelekea wapi. Kwa jicho la kushoto Babu hakuonyesha hata ile kubwa kama sahani. Basi mpimaji akainua vidole, akaanza kumsogelea. Mita tano, vidole vingapi? Mita nne. Tatu. Kila hatua anaitaja na kuiandika. Babu anabahatisha. Mbili. Moja. Mwisho hakuuliza tena vidole, alipunga tu mkono, akauliza, unauona ukicheza?

Niliona kitu ambacho sitakisahau. Alianza mbali na akaishia pale ambapo Babu anaweza kumfikia. Na Babu akamfikia. Kijiko cheusi kilivunjikia kwenye kifundo cha mkono wa mpimaji. Sauti kama ya mfupa wa kuku. Mpimaji hakupiga kelele. Alifungua droo akatoa kingine, akasema, "Ninavyo vingi. Tuendelee."

Natamani kuwa mtu wa namna hiyo.

Kisha karatasi ya miraba. Miraba ishirini kwa ishirini, nukta nyeusi katikati. Unaziba jicho moja, unakodolea nukta, unasema mistari iko vipi. Kushoto: katikati hakuna kitu, kama panya kala. Kulia: mistari ipo, ila imeingia tumbo. Kama ukuta wa bucha!

Daktari akaeleza, mimi nikageuza kwa lugha yetu. Nyuma ya jicho kuna sehemu ndogo isiyozidi punje ya mchele, ndiyo inayoona nyuso na herufi. Kwa baadhi ya wazee huchakaa. Ya kushoto imeshakuwa kovu, zamani, na hakuna aliyejua kwa sababu jicho la kulia lilikuwa linafanya kazi ya mawili. Ya kulia imeanza kuvuja. Ikidungwa sindano mapema inaweza kunyooka. Ikicheleweshwa, inakufa katikati. Pembeni patabaki.

Akasema pia aache shoka. Nikageuza. Babu akanijibu, mwambie nilikuwa nakata nyama kabla mama yake hajamzaa. Nikamwambia daktari: amekuelewa.

Sindano inaingia jichoni. Jichoni kabisa! Babu alinishika kifundo cha mkono. Nina alama za vidole vinne na gumba, zambarau.

Maagizo: karatasi ibandikwe kwenye friji. Kila asubuhi, miwani yake ya kusomea usoni, umbali wa sentimita thelathini, aliye karibu naye aandike majibu kwenye safu za tarehe chini ya miraba. Miadi ni baada ya wiki nane. Lakini mistari ikipinda tena kabla ya hapo, aletwe wiki hiyohiyo, asingoje. Daktari aliyarudia hayo mara mbili huku ananitazama mimi. Mama alikuwa bucha. Aliyeyasikia ni mimi peke yangu.

Jumamosi, 18 Februari

Kijiko hataki kushika, kitambaa hataki kufungwa. Basi ninamziba kwa kiganja changu. Sijawahi kumgusa Babu usoni. Ngozi ni laini, na kope zinagonga kiganja kama mdudu aliyefungiwa. Nikiwa nimesimama vile, shavu langu liko hatua moja kutoka mkono wake. Napima kwa rula huku nimebana pumzi.

Bado imepinda. Pungufu kidogo, kasema. Nimeandika.

Alhamisi, 23 Februari

Imenyooka yote! Nimemuuliza mara mbili, juu na chini. Yote. Babu akashuka bucha akaugonga ukuta kwa kidole, akasema kumbe fundi hakulewa. Ila hakwenda kumwambia.

Mezani kanivuta sikio, si kwa nguvu, akasema Bubu siku hizi ndiye macho yangu. Nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu ni kweli na ninaona aibu: nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Jumapili, 5 Machi

Mkono wa Mama umevunjika.

Alimpelekea fundi cheti, kama walivyoagana. Alingoja Babu aingie chumba cha baridi. Akavuka barabara, wakasimama kwenye kivuli cha duka la rangi. Cheti kikatoka kwenye kanga, fundi akakisoma, akamrudishia. Dakika moja tu. Babu akatoka na mbavu za ng'ombe begani, akasimama mlangoni, akawaona. Barabara nzima katikati, magari yanapita, na akaona mpaka kuwa ni karatasi. Mwezi uliopita asingeona.

Alimngoja. Hakusema kitu mpaka Mama alipoingia na kufunga kikingio cha kaunta nyuma yake. Ndipo akauliza, unanitembeza barabarani mimi? Wanisome? Mama akainua mkono kukinga kichwa. Chuma kikashuka kwenye mkono. Nilisikia. Akainua tena – aliulenga mkono uleule, palepale! Hakukosea hata kidogo. Mara ya tatu Mama alikuwa magotini kwenye maji ya damu, anasema Baba, Baba, Baba, kama mtoto anayeitwa kulala asiyetaka.

Nilikuwa nyuma ya friza. Nimeng'ata mkono wa sweta mpaka umetoboka.

Hospitalini Mama kasema ameteleza. Plasta kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Muuguzi akauliza ameteleza mara ngapi.

Nimekaa nikafikiri: nani alimpeleka Babu akadungwa? Nani aliyageuza maneno ya daktari vizuri, taratibu, bila kukosea? Nani anamshika uso kila asubuhi? Jicho lililomwona Mama nililitunza mimi.

Jumatatu, 13 Machi

Saa moja asubuhi. Kiganja changu kwenye jicho la kushoto, rula sentimita thelathini. Babu akakodolea nukta. Kisha akasema, sauti ndogo, sijawahi kuisikia kwake: mstari wa tatu umeingia tumbo.

Nikasema, upande gani?

Huku, karibu na nukta. Imerudi, Bubu?

Nyuma yake Mama alikuwa anajaribu kufungua chupa ya mafuta kwa mkono mmoja na meno.

Nikasema, "Daktari alisema itapinda kidogo. Ni dawa inafanya kazi."

Akaamini! Akashusha mabega, akaomba chai. Nikachukua penseli, kwenye safu ya tarehe ya leo nikaandika: sawa.

Mwandiko wangu ni mzuri sana. Mwalimu husema hivyo.

Jumanne, 14 Machi

Mistari mitatu imepinda. Nimeandika sawa.

Alhamisi, 16 Machi

Kuna kivuli katikati. Kama mtu kagusa kwa kidole kichafu. Kauliza ndiyo dawa? Nimesema ndiyo.

Sawa.

Jumamosi, 18 Machi

Naandika haya kwa lugha ya nyumbani kwa makusudi. Kwa lugha ya shule mimi ni mtu mwema. Natumia maneno marefu, kila kitu kinaonekana kama kilimtokea mtu mwingine.

Leo nilimpa ukurasa wa daftari la hesabu wenye miraba kama ile, nikamwambia achore kwa penseli pale ambapo miraba haionekani. Akachora duara. Miraba sita upana. Kila mraba nusu sentimita, basi sentimita tatu, kwa umbali wa thelathini. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo shimo linavyopanuka: tulifundishwa darasani, pembetatu zinazofanana. Uso wangu una upana wa sentimita kumi na nane, nimeupima kwenye kioo. Kwa hiyo nikisimama mita moja na sentimita themanini mbele yake, akinitazama sawasawa, sina uso.

Nikaendelea. Mkono wake sentimita sabini. Chuma cha kunolea arobaini. Jumla mita moja na kumi. Ili uso upotee kwa umbali huo, shimo liwe na miraba kumi.

Nimeandika kumi kwenye jalada la daftari la hesabu. Nimeizungushia duara.

Jumatano, 22 Machi

Miraba saba. Na nimegundua jambo.

Miaka kumi na miwili nimejificha pembeni – nyuma ya friza, nyuma ya mlango, kwenye kona. Nilikuwa nakosea! Sasa pembeni ndiko anakoona. Anachokikodolea ndicho kinachopotea. Kwa hiyo mahali salama ni palepale anapotazama. Mbele. Katikati. Bila kujitikisa.

Nilijaribu leo. Hapana, nisijipambe – sikujaribu, nilikwama. Nilikosea hesabu ya maini kwenye oda ya hoteli, akageuka akanguruma, akachukua jiwe la kilo moja kwenye mzani. Miguu ikaniganda katikati ya bucha, hatua tatu kutoka kwake. Alinitazama usoni. Macho yake yakanitafuta yakiwa juu yangu. Sweta langu la shule lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, pembeni kulia, feni inalitikisa. Akalirushia sweta! Vigae vitatu vimepasuka. Kipande kimoja kilirudi kikanikata kidevu.

Akasema, limekupata? Nikasema, limenipata, Babu, nisamehe.

Akarudi kwenye gogo lake. Mimi nikaokota vipande. Nilikuwa nacheka. Bila sauti, damu inadondoka kwenye blauzi, nacheka. Sijawahi kujiogopa kabla ya leo.

Jumamosi, 25 Machi

Nane na nusu.

Leo Babu hakula. Mteja wa miaka mingi alimsalimia, naye akamwuliza wewe nani. Mteja akadhani ni dharau. Babu akamshika shati akampiga kichwa – alilenga pua, akapata bega, wakaanguka wote wawili juu ya kreti za chupa. Watu waliwaachanisha. Vioo vimemwingia kwenye kiwiko, nikavitoa kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi cha Mama.

Nilipokuwa navitoa akasema, hizo siku zake za dawa kufanya kazi, daktari alisema ngapi?

Ningeweza kusema hapo. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Nikasema, zimebaki chache.

Jumanne, 28 Machi

Kumi. Nilihesabu mara mbili. Asubuhi nilihisi kama siku ya kupokea matokeo ya mtihani.

Saa nne akashusha shoka kwenye gogo. Alikuwa anapasua mguu wa ng'ombe, mkono wa kushoto umeushika. Katikati hakuona mguu, hakuona mkono, aliona pembeni tu, ukuta na mimi. Shoka likaingia. Nikasikia sauti ileile ya kila siku, mfupa na mti. Kisha akainua mkono, na gumba lilikuwa limebaki gogoni.

Nusu. Kutoka kwenye kiungo.

Hakupiga kelele. Alilitafuta. Alipapasa gogo kwa mkono mzima, anapapasa kati ya vipande vya nyama, anashika kipande, anakinusa, anakiacha. Wateja wamesimama. Alishika kipande cha kano akakiweka kifuani.

Mama akamfunga kwa kanga, kwa mkono mmoja na meno. Huku amelala sakafuni Babu akamwambia, imekuwa hivi tangu tarehe kumi na tatu, ila Bubu anasema ni dawa.

Mama akainua kichwa akanitazama. Hakuuliza hapo. Alipotoka kumpeleka kushonwa na kurudi, alikwenda moja kwa moja kwenye friji. Akaisoma karatasi kwa kidole, safu kwa safu. Sawa. Sawa. Sawa. Sawa. Wiki mbili nzima alikuwa akipita hapo akisema angalau jicho moja limepona, Mungu mkubwa.

Akaniuliza daktari alisemaje hasa. Nikamwambia. Neno kwa neno, nikaanza na lugha ya shule kisha yetu, kwa sababu sikujua niache ipi.

Akanipiga. Mama! Ambaye hajawahi hata kunifinya. Kwa mkono wenye plasta, kichwani, na akapiga tena, na plasta ikapata ufa, na yeye ndiye aliyelia kwa maumivu. Akanikaba ukosi akanibana kwenye mlango wa friji mpaka karatasi ikachanika kona.

"Nilikutuma?" akasema. "Sema. Nilikutuma mimi?"

Nikasema alikuvunja mkono.

Akasema, "Na wewe ukakaa ukipima. Kila siku umemshika uso, ukipima."

Akaniachia. Akachukua gundi akaibandika karatasi vizuri, ile kona iliyochanika. Akasema keshokutwa tunakwenda, na hii tunakwenda nayo.

Sikio moja linavuma bado. Nimejitazama kwenye kioo. Nina taya la Babu. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia.

Alhamisi, 30 Machi

Naandika kwenye korido ya kliniki. Benchi la chuma. Mama kateremka kwenye dirisha la dawa, foleni ni ndefu.

Mpimaji alimkumbuka. Akamwambia, mwizi wa ubao umerudi, na safari hii umeacha nini huko, kidole? Babu hakucheka. Akamkalisha mita sita. Ubao: hakuna. Alama za miguu mitatu: hakuna. Akaanza kutembea na vidole. Mita tano. Nne. Nilihesabu naye, midomo yangu inacheza kama ile ya Babu siku ya kwanza. Tatu. Mbili. Alipofika mita moja Babu akasema viwili. Sahihi! Mpimaji akaandika. Kisha akaitazama bandeji, akanitazama mimi na kidevu changu, akatazama plasta ya Mama yenye ufa. Akakisukuma kijiko cheusi kando, mbali kidogo na mkono wa Babu.

Kisha akamfundisha jambo. Akamwambia, mzee wangu, katikati kumekwenda, lakini pembeni bado kunaona. Ukitaka kuona pua yangu, usiitazame. Tazama sikio langu. Babu akahangaika. Akatazama sikio. Akatulia. Akasema, una kidoti kwenye pua. Mpimaji akapiga makofi. Akasema afanye hivyo kila siku, kwa kila mtu: geuza macho kando kidogo, na huyo mtu atakuja.

Basi hata katikati si salama tena.

Kwa daktari tuliingia wawili, mimi na Babu. Daktari akamulika jicho muda mrefu. Akaniuliza ilianza lini. Nikamgeuzia Babu. Babu akajibu, mwambie ni ile asubuhi nilipokwambia mstari wa tatu umeingia tumbo. Tarehe kumi na tatu. Nikageuza. Neno kwa neno – nilishindwa kufanya vingine.

Daktari akaichukua karatasi, akateremka kwa kalamu mpaka tarehe kumi na tatu. Akasoma. Hilo neno moja analijua, kila mgonjwa humwambia. Akateremka. Akafika mwisho. Akauliza, nani anaijaza hii?

Nikasema, mimi.

Akaongea muda mrefu, taratibu, hakupaza sauti. Kwamba angeletwa wiki ile, pengine leo angekuwa anasoma. Kwamba atamdunga, ataendelea kumdunga, lakini kilichokufa hakirudi. Kwamba ana wajibu wa kuniuliza kama nyumbani kuna mtu anaumizwa. Kwamba nisijibu sasa hivi, nitoke, nifikiri, atatuita tena matone aliyomtia jichoni yakishafanya kazi.

Babu akauliza amesema nini.

Nikasema, amesema tungoje sindano.

Babu akasema, "Hayo ni maneno matatu. Yeye kasema mengi."

Nilimshika mkono nikamtoa. Tumekaa hapa nusu saa. Matone yamezipanua mboni zake, macho yamekuwa meusi yote, kama ya samaki kwenye barafu. Muda mrefu alikuwa amekodoa mbele, uso umenielekea mimi, na nilikuwa salama. Nikachukua daftari hili. Kati yetu kwenye benchi pana mkono mmoja, pungufu kidogo. Mkono wake mzima uko juu ya goti. Nimesema nitaandika maneno yote ya daktari kwanza, kwa lugha yetu, niyapange, ili akiuliza tena niyasome tu.

Amegeuza uso. Sasa hivi. Taratibu, kama alivyofundishwa. Ameelekeza macho dirishani, kando kabisa ya kichwa changu. Muuguzi anayepita atadhani mzee anatazama nje.

Hatazami nje. Ameona kalamu inatembea. Amesema, bila kugeuka:

"Soma."